Monsieur, Nitakusuka

Enzi zetu, sisi tuliokulia Durban, baridi ilikuwa kitu cha kupanda teksi ukakitafute. Mjini haikuwepo, na hata leo haipo. Pale Point tulipoishi, mwezi wa saba watu walivaa sweta asubuhi, saa nne wakaivua, wakaifunga kiunoni mpaka jioni. Sisi watoto tulikuwa kwenye ngazi za ghorofa tukiruka kamba, au uani tukipanga makopo na kuyaangusha kwa mpira wa soksi, mpaka mama mmoja afungue dirisha na kutuuliza kama kwetu hakuna wagonjwa. Lakini ukipanda teksi ukapita Pinetown, ukaendelea na vilima, kila kona kioo cha dirisha kinazidi kuwa baridi kwenye shavu lako. Mwisho unashuka mahali ambapo nyasi ni nyeupe na pumzi yako unaiona kwa macho. Huko ndiko baba yangu alikofanya kazi, kwenye mazizi ya farasi, na huko nilikaa likizo moja ya baridi nikiwa na miaka kumi. Likizo ile bado inanijia kama ndoto ya asubuhi, ile ambayo mtu haoni haraka ya kuamka.

Baba yangu, ambaye sote tulimwita Papa, alitoka Uvira. Kwao alijua ng'ombe na mbuzi. Farasi alikuwa amemwona kwenye vitabu tu. Alikuwa akitusimulia kwamba siku ya kwanza aliposimama karibu na farasi alimsalimia kwa Kifaransa, kwa sababu aliona sura ile haiwezi kuwa ya mtu ambaye hakusoma. Farasi mwenyewe alikuwa mkubwa, wa kahawia, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso kama tone la maziwa. Ujanani alikimbia mashindano, na kwenye karatasi zake alikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo Papa hakulimaliza hata mara moja. Akamwita Monsieur, na Monsieur akaitika.

Mama alibaki mjini. Alikuwa na kiti chake katika saluni moja karibu na soko, akisuka nywele tangu asubuhi mpaka vidole vikakakamaa. Nami nilikuwa mtoto wa kukaa chini ya kiti hicho, nikimpa nywele za bandia pisi kwa pisi, na kuongea. Niliongea na wateja, na redio, na mdoli wangu wa kamba ambaye nilimsuka mpaka akabaki na upara. Likizo ilipofika Mama alimwambia Papa, "Mimi nimechoka. Huyu mtoto wako kinywa yake haina kituo. Peleka yeye kwa farasi, labda farasi watamusikiliza."

Papa akacheka, akanipeleka.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mazizi: vitanda viwili, jiko la gesi, na dirisha ambalo asubuhi lilikuwa na umande ulioganda kwa ndani. Ugali wetu tuliula na ndagala, dagaa wakavu wa kwao Papa, ambao Mama alikuwa amewafunga kwenye gazeti, na harufu yao ilimfanya kila mbwa wa shamba awe rafiki yetu. Saa kumi na moja alfajiri Papa alikuwa ameshavaa buti. Mimi nilivaa soksi jozi mbili, suruali ya pajama ndani ya suruali ya shule, na koti la Papa lililonifika magotini. Tukitoka nje ardhi ilivunjika chini ya miguu, kru, kru, kama mtu anayetafuna karanga. Farasi walikuwa wamesimama gizani wakitoa moshi puani, na wote walikuwa wanatutazama.

Siku ya kwanza nililia kwa sababu ya baridi. Papa hakuniambia nyamaza. Alinivua glavu moja, akauingiza mkono wangu chini ya blanketi la Monsieur, pale begani, na kulikuwa na joto kama ndani ya mkate.

"Unaona, mama?" akasema. Papa aliniita mama tangu nilipozaliwa, maana nilipewa jina la mama yake. "Haiko blanketi inamupa joto. Joto iko yake. Blanketi inachunga tu isikimbie."

Ndivyo alivyokuwa akifundisha. Alikuwekea mkono kwenye kitu, kisha akakuambia jina lake na kazi yake. Na kwa kuwa wengi wenu wenzangu hamkuwahi kulala jirani na farasi, nami niwaambie kama nilivyoambiwa. Blanketi huliweki mgongoni kwa kulitupa. Unaliweka mbele kidogo, shingoni, halafu unalivuta nyuma, ili manyoya yalale upande wake, la sivyo farasi ataudhika siku nzima kama mtu aliyevaa soksi imejikunja. Jua likipanda unalivua, kwa sababu farasi akitoa jasho ndani ya blanketi kisha jua likazama, jasho lile linageuka maji baridi na anaumwa. Kinachomtia joto kweli ni nyasi kavu. Anazitafuna, zinafika tumboni, tumbo linafanya kazi polepole siku nzima, na kazi hiyo ndiyo moto wake. Papa alisema farasi ni jiko lenye miguu minne, na sisi kazi yetu ni kuchochea.

Hata umande ulioganda, ambao mimi niliuchukia, alinifundisha kuupokea. Wakati wa joto kuna vidudu vidogo sana vinavyowauma farasi na kuwapa ugonjwa mbaya. Asubuhi ya kwanza ya kuganda inaviua. Kwa hiyo siku ile nyasi zilipokuwa nyeupe watu wa mazizini walisalimiana kwa furaha, na mimi peke yangu nilikuwa nalia.

Kisha kulikuwa na maji. Hili lilikuwa jukumu langu, na naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililokaribia kutuharibia kila kitu. Maji yakiwa baridi sana farasi hayataki. Anaendelea kula nyasi kavu lakini hanywi, na nyasi zinakaa tumboni kama matofali. Kwa hiyo kila asubuhi nilitakiwa kuchemsha birika, kumimina maji ya moto kwenye ndoo ya Monsieur mpaka yawe vuguvugu, na kutia chumvi kidogo ili apate kiu. Papa alinionyesha mara tatu. Nami nilijibu, "Ndiyo, Papa, nimesikia," kama anavyojibu mtu ambaye mawazo yake yako kwingine.

Yalikuwa kwingine kweli. Yalikuwa kwenye nywele.

Mwenye mazizi alikuwa mwanamke mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Madam, mtu wa maneno machache na mbwa wengi. Wiki yangu ya kwanza alisimama kwenye mlango wa Monsieur, akamwambia Papa kwamba farasi huyu anakula na hafanyi kazi. Mwisho wa mwezi wa nane atakuja mwalimu anayefundisha watoto kupanda farasi, anatafuta mmoja aliye mtulivu. Monsieur akisimama kimya mtoto anapomshika na kumpanda, atamchukua. Asiposimama, ataenda mnadani.

Madam alipoondoka nilimuuliza Papa mnadani wanafanya nini.

Papa aliendelea kumpiga Monsieur brashi. "Farasi kijana wananunua ya kupanda," akasema. "Farasi muzee mwenye hasimami, wananunua kwa kilo."

Niliijua nyama ya kilo, nilishatumwa buchani mara nyingi.

Basi tukaanza. Kila asubuhi jua likishayeyusha ule weupe, Papa alimfunga Monsieur kamba ndefu na kumzungusha uwanjani, mduara baada ya mduara, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio za taratibu. Vumbi la baridi lilikuwa jepesi, likapanda na kukaa hewani kama unga, na katikati yake Papa akizunguka polepole akimwongelesha: "Voilà, Monsieur. Pole pole. Hatuko na haraka, sisi." Nikimhimiza Papa amkimbize zaidi alikuwa akinijibu, "Haiko gari, mama. Hauwezi kukanyaga tu na inaenda. Unaomba, unangojea." Nilikaa juu ya ua wa mbao, jua mgongoni, nikasinzia na kuamka, nikasinzia na kuamka, na kila nilipofumbua macho walikuwa bado wanazunguka. Hadi leo nikitaka usingizi naufikiria mduara ule.

Baada ya mazoezi ilikuwa zamu yangu. Papa alisema Monsieur lazima azoee mikono midogo, na mikono midogo iliyokuwepo ni yangu. Kazi gani inamweka mtoto karibu na shingo ya farasi saa nzima? Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nilipanda juu ya kreti, nikachukua kitana, nikazigawa singa za Monsieur, zile nywele za shingoni, mafungu mafungu kama nilivyomwona Mama akifanya, nikamwambia kwa sauti ya saluni, "Leo Monsieur nitakusuka kama bibi harusi."

Monsieur akaondoka. Hakukurupuka, aliondoka tu, kama mtu aliyekumbuka ana miadi. Mimi nikabaki na fungu la singa mkononi, kisha sikubaki, nikaanguka kwenye nyasi kavu.

Tukamrudisha. Nikampigapiga shingoni. "Tulia, baba, usiogope, nakusuka tu."

Akaondoka.

Ikawa hivyo siku tatu. Papa akimpiga brashi anasimama kama nguzo. Mimi nikinyamaza anasimama. Mimi nikianza kubembeleza anaondoka. Papa alianza kuamini kwamba Monsieur anaogopa vidole vyangu, na usiku ule hakumaliza ugali wake. Nilimwona akihesabu wiki zilizobaki kwa kugusa vifundo vya mkono.

Siku ya nne Mzee Ngubane alisimamisha trekta. Alikuwa Mzulu wa palepale, aliyemlea Monsieur tangu akiwa mtoto wa farasi, mpaka magoti yake yalipochoka na Madam akampa trekta ili akae. Alizima injini, akanitazama nikipanda kreti, nikisema maneno yangu, nikianguka. Nilipoanguka mara ya pili alivua kofia, akajifunika nayo uso, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Eish," akamwambia Papa alipoweza kusema, kwa Kizulu na Kiingereza chao cha kazini. "Huyu mtoto anamwambia farasi aondoke, halafu analia kwamba ameondoka."

Papa akasimama na brashi mkononi. Kisha naye akaanza kucheka, akaegemea ukuta. Mimi peke yangu sikuelewa.

Mmeshaelewa, ninyi mliosoma shule za hapa. Kwa Kizulu ukimwambia mtu *suka*, unamwambia ondoka, sogea, toka hapo. Nilifukuzwa kwa neno hilo kwenye foleni ya shule kila siku ya Mungu. Na nyumbani neno hilohilo lilikuwa kazi ya Mama, chakula chetu, mikono ya upole kichwani. Miaka yote nilikuwa nayo yote mawili na sikuwahi kuona kwamba ni neno moja. Kila moja lilikaa katika chumba chake. Monsieur alikuwa na chumba kimoja tu. Mzee Ngubane alimfundisha akiwa mdogo: suka, na farasi anasogea. Kisha akaja mtoto wa saluni kutoka Point kumwambia asukwe. Nilipojaribu, niligundua kwamba nikisema "nikusuke" anasimama, nikisema "nitakusuka" anaondoka. Alikuwa mkali wa sarufi kuliko mwalimu wangu yeyote.

"Sasa nitasemaje?" nilimuuliza Papa.

"Sema *tresser*," akajibu, akinipa neno la Kifaransa la kazi ileile. "Monsieur anasikia Français."

Basi neno la Mama likawa mwiko zizini, na mimi nika-tresser. Nywele zile zilipendeza. Niliongea nikaongea, na Monsieur alisimama, sikio moja kwangu, sikio jingine kwa dunia, kope zikishuka. Mchana wa baridi kule juu una mwanga mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa, na nyasi zote za vilima ni za manjano mpaka mwisho wa macho. Harufu ya moshi ilikuja kutoka mbali, watu wakichoma mipaka ya mashamba. Nilipaka mafuta ya nywele ya Mama kwenye vidole, nikasuka, nikaota jua. Kama kuna mahali ambapo utoto wangu umekaa ukinisubiri, ni juu ya kreti ile.

Na kwa sababu nilikuwa na furaha hiyo, nikasahau ndoo.

Naomba mnielewe namna nilivyosahau. Pale Point maji yalikatika kila mara. Mama alikuwa na ndoo tatu nyuma ya mlango, na sheria yake ilikuwa moja: "Ndoo yangu nikute nusu, mutanijua." Ndoo iliyojaa ilikuwa sifa. Mtoto aliyeacha ndoo imejaa alipewa andazi la kwanza. Sasa asubuhi moja ya baridi kali nikafika kwa Monsieur na birika langu, nikakuta ndoo imejaa mpaka mdomoni, na juu yake barafu nyembamba kama kioo cha saa. Nikafurahi. Kazi ilikuwa imeshafanyika. Nikarudi na birika, nikakoroga chai. Asubuhi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nilimwambia hata Papa, "Ndoo ya Monsieur imejaa," naye alikuwa akibeba magunia, akaitikia tu, "Vizuri, mama."

Asubuhi ya nne Monsieur hakututazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza sakafu kwa kwato, anageuka kuangalia ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemgusa. Nyasi za jana zilikuwa palepale. Kisha magoti yakakunjika, akalala chini na kuguna.

Papa aliingia mara moja, akaweka sikio kwenye tumbo lake. Alisikiliza muda mrefu.

"Alikunywa maji?" akaniuliza.

"Ndoo imejaa, Papa," nikasema. Nilisema kwa fahari, hilo ndilo ninalolikumbuka.

Papa akageuza uso taratibu. "Imejaa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Siku tatu zote imejaa."

Alitazama ndoo. Akanitazama mimi. Nikaona uso wake ukifahamu, na kwa kuutazama uso huo nami nikafahamu. Ndoo iliyojaa ilikuwa ndoo ambayo hakuna aliyekunywa. Nilingoja kofi. Papa alifunga macho, akafungua. "Sawa," akasema. "Kosa iko ya sisi wawili. Kimbia, ita Madam."

Madam alimpigia simu daktari wa wanyama, na daktari alikuwa shamba jingine, mbali. Alisema anakuja, lakini mpaka afike farasi asiachwe kulala na kujibingirisha, kwa sababu tumbo linaweza kujisokota, na likijisokota basi. Asimamishwe, atembezwe. Papa akavuta hatamu. Madam akasukuma kwa nyuma. Papa alimwita kwa Kifaransa, akamwita kwa Kiswahili, akapiga kelele ya Kizulu, "Suka! Suka!" na sauti yake ilikuwa imepasuka kwa hofu. Monsieur alikunja masikio nyuma, akageuza kichwa upande wa ukuta. Mzee Ngubane alikuwa ameenda Pinetown kutafuta kifaa cha trekta. Hakukuwa na mwingine.

Nilipiga magoti karibu na kichwa chake. Pua yake ilikuwa baridi, yeye aliyekuwa na joto la mkate. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nalia, na nikilia mdomo wangu hufanya unachokijua, unaongea. Nikamwambia sikioni kwa sauti ileile ya saluni, "Monsieur, samahani. Amka, mpenzi. Nitakusuka. Nitakusuka vizuri leo, nitakusuka mpaka mkia."

Sikio moja likasogea.

"Nitakusuka," nikasema.

Akaweka mguu mmoja wa mbele. Akaguna, akaweka wa pili. Papa alirudi nyuma kumpa nafasi. Monsieur akasimama, akitetemeka, akaanza kutembea.

Tulitembea asubuhi nzima. Papa alishika hatamu, mimi nikawa upande wa shingo, tukazunguka uwanja uleule wa mduara, juu ya nyasi nyeupe zilizogeuka manjano mbele ya macho yetu jinsi jua lilivyopanda. Kila magoti yake yalipotaka kukunjika nilisema neno. Nililisema mpaka koo likakauka, mpaka likapoteza maana zote mbili na kubaki mlio tu, kama upepo. Wakati mmoja Papa alivua kofia yake ya sufu akanivalisha mimi.

Daktari alifika kabla ya saa sita. Alimchoma sindano, akapitisha mpira puani mwake, akammiminia mafuta tumboni. Tukaendelea kutembea. Na alasiri, mbele yetu sote, Monsieur aliinua mkia na kuangusha kinyesi. Madam alikaa chini pale pale vumbini na mbwa wake. Papa alisema asante Yesu mara tatu. Sijawahi tena kufurahia kinyesi cha kiumbe yeyote namna ile, na nimelea watoto wawili.

Kuanzia siku hiyo nilipima ndoo kwa kidole, jioni na asubuhi. Niliomba nibaki mpaka wiki moja baada ya shule kufunguliwa, Mama akagoma, ikabidi nirudi kila Ijumaa kwa teksi mbili nikiwa na sare ya shule na ndagala kwenye mkoba. Ndiyo maana nilikuwepo Jumamosi ile mwalimu alipokuja. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unavuma, mabati yanapiga kelele, na kila mtu aliniambia kitu kimoja. Madam aliniambia, Mzee Ngubane aliniambia, Papa alinishika mabega akaniambia, "Mama, leo nakuomba. Funga kinywa."

Nikafunga. Mwalimu alileta mtoto wa kike mdogo kuliko mimi, mwenye kofia ngumu iliyomfunika mpaka nyusi. Alimgusa Monsieur shingoni, akazigusa nywele nilizomsuka. Akapandishwa. Monsieur alishusha kope. Upepo ukagonga bati, akatega sikio moja, akalirudisha. Alisimama kama nyumba.

"Huyu ndiye," mwalimu akasema.

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miezi miwili, na nilipoyasikia ndipo nilipoona upande wake wa pili. Tela ilikuwa imeshafunguliwa nyuma ya gari.

Lakini Monsieur hakutaka kupanda. Papa alimwongoza mpaka kwenye ubao, akasimama. Tulimfundisha kusimama, na sasa alisimama. Wakampa tufaha, akala, akasimama. Mwalimu akatazama saa. Madam akamtazama Papa, na Papa hakunitazama mimi, alitazama kwato. Aliniachia mwenyewe, na hilo namshukuru na namlaumu mpaka leo.

Nilikwenda. Niliweka mkono begani pake, chini ya blanketi, pale penye joto.

"Nitakusuka, Monsieur," nikasema.

Akapanda.

Papa amestaafu sasa, anaishi nasi, na baridi ikigusa magoti yake anauliza kule juu kumeganda au bado. Mimi nina saluni yangu mwenyewe, viti vinne, hapohapo mjini. Binti yangu ana farasi ndani ya simu. Ni wa zambarau, ana mabawa, anakula almasi. Nilimuuliza anakunywa nini, akanitazama kama mtu wa zamani. Akibonyeza kitufe farasi anaruka. Hakuna kuomba, hakuna kungojea. Kukiwa na wingu tu asubuhi anavaa kofia, glavu na skafu, kisha ananiambia, "Mama, leo ni baridi sana," na dirisha liko wazi na bahari inameta kule nje. Simcheki sana. Namwekea mkono begani, chini ya hiyo skafu, namwambia joto ni lake.

Na kazi yangu ndiyo ileile ya Mama. Kutwa nzima nalisema lile neno. Kaa hapa nikusuke, dada. Nitakusuka mistari au rasta? Wanakaa. Wanafumba macho chini ya vidole vyangu, wengine wanalala kabisa. Kwa miaka yote hii nimelisema mara zisizohesabika, na hakuna hata mmoja aliyesimama akaondoka, ila yeye.